Mstari wa Tarehe Moja Septemba

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Direkta Ézéchias, mkuu wa shule, ameniita ofisini. Si kwa kazi. Mimi ni karani wa shule yetu ya Kimethodisti hapa Kamina, mwaka wa kumi na nne sasa, na daftari zangu hazina doa. Ameniita kwa mpira.

Timu yangu ya watoto, Nyota ya Shule, haijawafunga wale wa parokia ya Wakatoliki kwa miaka mitatu. Mitatu! Direkta alisema kwa upole, na upole wake ndio unaotisha, kwamba mechi ya ufunguzi wa ligi ni Jumamosi tarehe 30, dhidi ya haohao. Nikishindwa tena, filimbi inakwenda kwa Mwalimu Béthanie wa darasa la tano, yule anayekimbia barabarani kila alfajiri na suruali ya michezo.

Filimbi yangu! Nimeivaa miaka sita. Nikipita sokoni watoto huita "Coach Mwila!" na mama zao hugeuka kunitazama. Karani nani humgeukia? Bila filimbi mimi ni mtu wa mihuri tu.

Kocha wa Wakatoliki ni Kapenda, kaka mkubwa wa mke wangu Lise. Shemeji! Desturi inataka nimsalimu kwa mikono miwili na nisimpinge mbele za watu. Kwa hiyo nampinga humu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimegundua! Nimekaa asubuhi nzima na orodha ya ligi upande huu na daftari la wanafunzi upande ule. Ligi inagawa watoto kwa mwaka wa kuzaliwa. Kundi la Wadogo ni kila aliyezaliwa kuanzia Januari 2013. Sasa tazama. Nane wa Kapenda wamezaliwa Januari, Februari na Machi. Wangu? Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba! Kwenye karatasi wote ni wa mwaka mmoja, lakini uwanjani wale wamekula bukari, ugali wetu, miezi tisa zaidi. Ndiyo maana ya mabega yale. Si ukocha. Ni Januari!

Dawa ni kuhamisha mstari. Tuhesabu kwa mwaka wa shule, tarehe moja Septemba mpaka mwisho wa Agosti. Wadogo wawe waliozaliwa kuanzia 1 Septemba 2013. Nane wa Kapenda watapanda kwa Wakubwa wapende wasipende. Wangu watabaki, tena wao ndio watakuwa wazee wa kundi. Hata mapasa wangu, wale mapacha Kyungu na Kabange, mmoja mfungaji na mwingine kipa, daftari linasema wote wawili 1 Septemba 2013. Wameingia kwa siku moja! Mungu ni Mmethodisti.

Mazoezi ya leo nimeyaahirisha. Nina barua ya kuandika.

Alhamisi, 14 Agosti

Barua imekwisha. Kurasa mbili. Sikumtaja Kapenda wala Januari. Nimeandika juu ya urafiki: kwamba mtoto huanza shule Septemba na wenzake, huketi nao benchi moja, halafu ligi inakuja kumtenga nao kwa sababu ya kalenda. Nilipofika kwenye neno "machozi" nikatokwa na machozi kweli. Lise aliniuliza nani amekufa.

Kisha nikaongeza kifungu cha pili, na hiki ndicho cha ufundi. Tarehe ya kuzaliwa ithibitishwe kwa fishi ya maternite peke yake, ile kadi wanayompa mama siku ya kujifungua. Kadi ya ubatizo, hapana. Daftari la shule, hapana. Namjua Kapenda. Katekista wa kwao ni rafiki yake, na kalamu ya rafiki huteleza.

Nimempelekea Papa Marc, prezidenti wa kamati. Mzee wa reli huyu, amestaafu lakini bado anatembea kana kwamba treni inamngoja. Aliisoma amesimama. Akasema ni barua safi.

Mazoezi: hakuna, nilikuwa kwa Papa Marc. Mwalimu Béthanie aliuliza kama angeweza kuwachukua watoto saa moja tu. Nikamwambia asante, kocha yupo.

Jumamosi, 16 Agosti

USHINDI!

Kura nne kwa mbili. Makocha wote sita walikuwapo. Nilisoma barua mwenyewe, na kwenye "machozi" nikanyamaza kidogo kama mchungaji. Kapenda aliinua mkono, akasema watoto wenyewe hawajalalamika, na akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwa heshima zote za shemeji kwamba nina hakika kuliko hakika. Kifungu cha pili kilipita bila swali. Papa Marc akagonga muhuri.

Nane! Nilimhesabia usoni mwake, kimoyomoyo.

Jioni akaja kwetu kula. Nilidhani atakuwa amenuna. Kumbe anacheka, anauliza hali ya kuku wetu. Lise akampikia mmoja, na firigisi ikawekwa kwenye sahani yake. Firigisi! Katika nyumba yangu, siku ya ushindi wangu! Nikala shingo nikitabasamu.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimezunguka na baiskeli siku nzima kukusanya fishi za maternite. Vumbi mpaka kwenye meno. Oktoba, safi. Novemba, safi. Desemba, imeliwa na panya lakini mwezi unasomeka. Mwisho nikafika kwa Mama Mapasa.

Jina lake ni Marthe, lakini hakuna anayemwita hivyo tangu azae wawili. Akanipa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, kwenye kikombe, akaleta kadi mbili, amezifunga kwenye kitambaa kimoja.

Kyungu: 31 Agosti 2013, saa 23:40.

Kabange: 1 Septemba 2013, saa 0:20.

Nilisoma mara nne. Munkoyo ikanipalia. Dakika arobaini! Mstari wangu, mstari niliouchora mimi kwa barua ya kurasa mbili, umepita katikati ya tumbo la Mama Mapasa! Kabange ni Mdogo. Kyungu, mfungaji wangu, mabao kumi na tisa, ni Mkubwa!

Nikakimbia shuleni kuona mpumbavu gani aliyeandika tarehe moja kwa wote wawili. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Wangu. Septemba 2019. Nakumbuka hata nilivyowaza: tumbo moja, tarehe moja.

Na daftari la shule halikubaliwi tena. Nimelipiga marufuku mimi.

Jumanne, 19 Agosti

Nilirudi kwa Mama Mapasa na sabuni mbili, maana kwa mapasa huwezi kupeleka moja. Nikamweleza polepole: Kabange acheze nami mwaka huu, Kyungu apumzike, mambo ya ofisi haya.

Sikumaliza. Alisimama katikati ya ua wake na kuniuliza kwa sauti ya kufika njia kuu: "Weye Mwila, minyi nilibazala bote babiri! Kama moya anabakia, bote banabakia!" Yaani akiachwa mmoja, wameachwa wote.

Nilijua, bila shaka. Nani hapa hajui? Ukimpa mmoja nguo, umpe na mwingine. Ukimsalimu mmoja, msalimu na mwingine, la sivyo yule uliyemwacha anaugua. Nami nilitaka kumpa mmoja mpira na mwingine kiti! Lakini nilidhani kwa mpira kutakuwa na ruhusa.

Basi akaanza kuimba. Zile nyimbo za mapasa. Mama wa mapasa ana haki ya kuimba matusi mbele ya yeyote, na hakuna wa kumkasirikia, hata mkwe, hata karani. Majirani wakatoka kuitikia. Aliimba juu ya miguu yangu, juu ya kalamu yangu, na juu ya mambo ambayo siwezi kuyaandika katika daftari la mtu wa kanisa. Beti moja ilikuwa nzuri, lazima nikiri.

Sabuni alizipokea.

Jumatano, 20 Agosti

Nimekwenda kwa mkunga aliyewazalisha. Nikamuuliza kwa adabu kama saa ya ukutani siku ile haikuwa mbele kidogo. Akaniuliza kama nimewahi kuzaa. Nikasema hapana. Akasema basi nitoke.

Lise ananiambia mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemjibu sijachimba kisima, nimeandika barua.

Watoto walikuwa wakinisubiri uwanjani saa tisa, nasikia. Nilisahau kabisa.

Alhamisi, 21 Agosti

Ee Bwana, asante kwa kunipa kichwa!

Nilikuwa nanyoa ndevu, redio inasema, na mtangazaji akataja saa ya Kinshasa na saa ya Lubumbashi. Saa mbili tofauti! Nchi moja, saa mbili! Nikajikata kidevu kwa furaha. Mtoto huyu alizaliwa saa ngapi? Kwa saa ya nani? Fishi ni karatasi ya serikali, na serikali iko Kinshasa. Basi saa ya halali ni ya Kinshasa!

Hesabu ni nyepesi. Kinshasa ni mji mkuu, na mji mkuu uko mbele kwa kila kitu: barabara, muziki, mishono ya nguo. Na saa hivyohivyo, saa moja mbele. Kyungu, 23:40 hapa, kule ni 0:40. Tarehe moja Septemba! Kabange, 1:20. Tarehe moja Septemba! Mapasa wangu wameungana. Mama yao ataimba tena, safari hii kwa kunisifu.

Nimeomba kikao cha dharura kesho. Mazoezi yameahirishwa.

Ijumaa, 22 Agosti

Naandika ili nisipige ukuta.

Kikao saa kumi alasiri, chini ya paa la mabati la Papa Marc. Nilivaa tai. Nilisema kwamba taifa lina saa moja tu, ile ya ikulu, na kwamba mtoto wa Kamina si mtoto wa Zambia, hata kama saa zetu ni moja. Makofi! Papa Marc aliitikia kwa kichwa muda mrefu. Akasema reli ilimfundisha jambo hilohilo: treni haiwezi kuwa na saa mbili, itagongana na nafsi yake. Akauliza nani anaunga mkono kwamba tarehe zote zihesabiwe kwa saa ya Kinshasa.

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Kapenda. Hapo ndipo ningestuka. Sikustuka. Nilidhani ni damu ya ukoo imemshika.

Kura sita kwa sifuri. Muhuri, paa!

Ndipo Papa Marc akasema tuthibitishe, kwa utaratibu tu. Akampigia binti yake aliyeolewa Kinshasa, akaweka simu mezani wote tusikie. Hapa saa yangu inasoma kumi na dakika kumi. Akamuuliza huko kwao ni saa ngapi. Binti akajibu, "Papa, iko saa kenda na dakika kumi." Tisa na dakika kumi.

Nikasema saa ya mtoto huyo imesimama. Akaulizwa mume wake. Tisa na dakika kumi. Akaulizwa jirani. Tisa na dakika kumi na moja.

Kinshasa iko NYUMA! Mji mkuu mzima uko nyuma yetu! Nani aliruhusu jambo kama hili? Nimesomea Kamina, nimeoa Kamina, na hakuna aliyeniambia kwamba tuko mbele ya Kinshasa kwa jambo lolote!

Papa Marc alichukua kalamu akapiga hesabu kwa sauti. Kyungu, 22:40. Kabange, 23:20. Wote wawili tarehe 31 Agosti 2013. Wote wawili Wakubwa. Akanishukuru kwa kuipa ligi utaratibu wa kudumu.

Mlangoni Kapenda alinishika mkono kwa mikono miwili. "Beau, wafwa ko," akasema. Yaani shemeji, kwa Kifaransa, na asante, kwa Kiluba, na kwa moyo mweupe kabisa. Nikamuuliza asante ya nini. Akasema sasa nane wake wamepanda kwa Wakubwa na walikuwa wamekosa mfungaji na kipa.

Jumamosi, 23 Agosti

Mama Mapasa amekuja kunishukuru! Ameleta ndakala, dagaa wakavu kutoka Bukama, mafungu mawili. Anasema nimewaweka watoto wake siku moja, jambo ambalo hata baba yao hakuweza. Watacheza pamoja kwa Wakubwa, na shule yetu haina timu ya Wakubwa, kwa hiyo watacheza kwa Kapenda. Parokia haijali dhehebu la mtu anayefunga mabao.

Ndakala ni tamu. Nimekula nikiwa na hasira.

Jumanne, 26 Agosti

Mazoezi! Ya kwanza tangu tarehe tisa. Kipa mpya ni Jérémy, mtoto wa heshima na urefu mzuri. Ila mpira ukija anafumba macho. Nimemwambia asifumbe. Akasema hafumbi, yanajifumba.

Si neno. Kapenda amebaki na nini? Vitoto. Amewajaza wadogo zao waliokuwa wakiokota mipira. Nimepita kwake na baiskeli kupeleleza. Yuko na filimbi, jua linawaka, vitoto vinapiga pasi fupifupi, pasi, pasi, pasi, kama wanawake wanaopeana matofali. Kila siku hivyo, wananiambia. Nikacheka peke yangu njiani. Warefu wao wananifika kiunoni. Wangu ndio wazee wa kundi sasa, kwa sheria, kwa muhuri!

Mwalimu Béthanie ameniuliza mfumo wangu ni upi. Nimemwambia ni Septemba.

Jumamosi, 30 Agosti

Nne kwa sifuri.

Walioshinda hawakuwa sisi.

Vitoto! Vilipita katikati ya miguu ya watoto wangu wakubwa, pasi, pasi, pasi. Watoto wangu walisimama wakitazama mpira unavyopita, warefu, wazuri, wa Oktoba na Novemba. Beki wangu mmoja aliniuliza kutoka uwanjani akae wapi. Uwanjani! Mechi imeanza! Jérémy alifumba macho mara nne. Mara ya tano mpira ulimgonga kifua ukatoka, na akapigiwa makofi kuliko mtu yeyote wa timu yetu.

Baadaye wakacheza Wakubwa. Kabange alidaka penalti. Kyungu alifunga mawili, na kila bao akakimbia mpaka golini kwa ndugu yake, mwendo wote ule, wakakumbatiana ndipo mchezo ukaendelea. Refa aliwasubiri. Mama Mapasa aliimba tangu mwanzo hadi mwisho. Timu zote mbili za Kapenda zinakwenda Bukama kwa treni kwenye mashindano.

Direkta alinyoosha kiganja tu. Nikavua filimbi shingoni, kamba ikakwama kwenye sikio, na watoto wote walikuwa wakitazama. Nikampa Mwalimu Béthanie mwenyewe, mkononi. Alisema pole, na nilimwona anamaanisha, na hiyo iliuma zaidi. Kisha akaniambia polepole kwamba watoto si wabaya, wamekosa mazoezi tu.

Mazoezi! Watu hawaoni mbali.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili nisipite sokoni. Lise alinipikia bukari na sombe, kisamvu cha kwetu, na kwa mara ya kwanza mwezi huu hakusema methali. Alikaa karibu nami mpaka nikamaliza. Nimesikitika sana. Sijui nitaamkaje Jumatatu nikiwa karani tupu.

Jumapili, 31 Agosti

Nimeamka vizuri.

Kanisani nilifikiri sana, hasa wakati wa mahubiri. Kosa langu lilikuwa moja: nilishughulika na watoto waliokwisha kuzaliwa. Umechelewa hapo! Tarehe imeandikwa, kadi imefungwa kwenye kitambaa. Mtu mwenye akili huanza mapema.

Na tazama riziki. Alasiri nilikuwa kizingitini, nikaona pikipiki inatoka kwa jirani yetu Noé, mke wake amepakiwa katikati yake na dereva, ameshika kiuno, wanakwenda maternite. Mke wa Noé! Yule ambaye mtoto wake alipiga mateke miezi minne bila kuchoka, mwanamke mwenyewe alimwambia Lise. Tarehe 31 Agosti! Akizaliwa leo atakuwa kitoto cha mwisho katika kundi lake maisha yake yote. Akizaliwa kesho, mzee wa kundi! Saa chache tu!

Nikapanda baiskeli. Niliwakuta penye reli, pikipiki imepunguza mwendo. Nikamwambia kwa heshima, nikihema, kwamba ajikaze mpaka saa saba usiku, siyo sita, kwa sababu ya ile saa ya Kinshasa, na kwamba mwaka 2037 atanishukuru. Noé alishuka. Sikujua kwamba mtu mwenye mke mwenye uchungu ana mbio kiasi kile. Baiskeli ilibaki penye reli, nimeirudia baadaye kwa uangalifu.

Habari zimefika sasa hivi. Msichana, kilo tatu na nusu, saa 17:05. Hawakungoja. Miguu mirefu, anasema Lise, na ananitazama vibaya.

Hakuna shida. Nimetoa karatasi mpya. Nitamwandikia Papa Marc kwamba mstari urudi nyuma siku moja, tarehe 31 Agosti badala ya tarehe moja Septemba. Siku moja tu. Nani atapinga siku moja?